Kitanda Kilichoangalia Ziwa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kitanda. Nilikiweka kikiangalia ziwa, nikapima nafasi zake mara nne kwa futi ya chuma, nikajisifu. Ilinichukua wiki tisa kujua nilichokuwa nimemfanyia Papa, na ndani ya wiki hizo tisa nilimfunga kwa shuka mara kumi na mbili. Ninalisema mapema kwa sababu najijua: nikiliacha mwisho nitatafuta namna ya kulipamba.

Ninamwandikia mtu ambaye mzazi wake amepigwa na kiharusi, na sasa anasimama mlangoni mwa nyumba aliyolelewa akihesabu ngazi. Mimi si daktari. Nina miaka ishirini na tano, na kazi yangu ya kuchora ramani za nyumba nilijifunza mwenyewe kwenye simu, usiku na mchana, bila mwalimu. Mimi ni mtu nisiyeweza kula kama meza imepinda. Dada yangu Mwajuma, ninayemwita Yaya kwa sababu ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na tatu, husema nilizaliwa na rula mkononi. Mama alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo ni Mwajuma na Papa walionilea, na wa nyumbani ni sisi watatu tu tunaoingia katika habari hii.

Papa aliendesha lori kati ya Goma na Kiwanja zaidi ya miaka thelathini. Alipanda na saruji, akashuka na maharage na kabichi. Nyumba yetu ya mtaa wa Majengo aliijenga mwenyewe, mbao juu ya msingi wa mawe ya lava: vyumba vinne, ngazi sita za kuingilia, na choo nyuma kabisa ya uwanja. Uwanja wenyewe ni yale mawe meusi yenye meno ambayo kila mtu wa Goma ameyachania kiatu. Hatukuwahi kuyaona kama shida. Yalikuwa uwanja wetu tu.

Aliugua mwanzo wa mvua za Septemba. Nilimkuta ameketi chini kando ya tairi kuukuu, mdomo umekwenda upande mmoja, mkono na mguu wa kuume havisikii. Sauti ilikuwa imebaki, maneno yamekwenda. Kila alichotaka kusema kilitoka kama “ba-ba-ba”, na alipojisikia mwenyewe alifunga mdomo na kutazama pembeni.

Wiki tano tulikaa hospitali. Nilijifunza mambo ambayo hakuna anayekuambia: kwamba ngozi ya kisigino hufa kwanza, kwamba mtu mkubwa analia akinyolewa ndevu na mwanawe, na hujui kama ni aibu au ni sabuni, kwamba kwenye benchi za kungojea watu hugawana chapati na wasiowajua, na hawaulizani majina. Siku ya kutoka, kine wetu, yule dada wa kunyoosha viungo, aliniita kando. Alikuwa msichana mdogo mwenye mikono ya fundi.

“Kwenu kuko ngazi?”

“Sita.”

“Na choo?”

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. “Akianguka juu ya mawe ile, nyonga itavunjika. Nyonga ikivunjika kwa umri yake, hatasimama tena. Mutafute nyumba ya chini. Ndogo, choo ndani.”

Nilipata vyumba viwili vya chini katika jengo la ghorofa huko Himbi, karibu na ziwa. Sakafu laini, hakuna ngazi hata moja, choo hatua nne kutoka kitandani. Mwajuma alikuja kupaona akasimama katikati ya chumba na pochi yake begani, kama mtu aliyekosea mlango.

“Huku ni kwa watu ya maofisi,” alisema. “Hata kuku ya huku zinatembea na beji.”

“Yaya, hakuna ngazi.”

“Mutu mwenye alipandishaka lori mupaka Kiwanja, matope mupaka hapa, wewe unamuogopesha na ngazi sita.”

“Kine ndiye alisema.”

“Kine alisema chini. Hakusema Himbi.” Kisha akapunguza sauti. “Sikia. Nakupatia mupaka kiangazi. Kama Papa anakuwa muzuri, sawa. Kama haikamate, namurudisha Majengo, tutamubeba kwa mugongo kila siku.”

Hilo ndilo lililokuwa mezani tangu siku ile: ama Papa ataweza kuishi pale, ama nilikuwa nimemng'oa kwake bure.

Basi nikafanya ninachokijua. Nilichora ramani ya vyumba viwili, nikakata vipande vya karatasi vya kitanda, kabati, kiti na meza kwa vipimo vyake, nikavisogeza siku tatu. Vyumba vinne haviingii ndani ya viwili. Niliamua nini kibaki na nini kiende. Jeki mbili, tairi, redio ya kaseti isiyolia, masanduku ya spea za lori ambalo liliuzwa zamani: vyote niliwapa watu. Vilivyobaki vilipanda chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kusukuma, na asubuhi moja tu ilitosha. Papa alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu barazani kwa Mwajuma wakati huo. Sikumuuliza hata kitu kimoja. Nilijiambia simuulizi kwa sababu hawezi kujibu, na kwamba huo ni wema.

Kitanda nilikiegemeza kwenye ukuta wa kushoto, miguu yake kuelekea dirisha. Akiketi na kuegemea mito, Papa angeliona ziwa lote mbele yake, na mitumbwi. Mbele yake pia nilitundika saa kubwa ya ukutani, ili ajue wakati wa dawa. Nilipomwingiza niliangalia uso wake kama mtoto anayeonyesha daftari. Alitazama ziwa. Akatazama nyuma yake, ukutani, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Akafunga macho.

Alianza kuanguka siku ya tatu.

Niliingia na uji wa mchana nikamkuta sakafuni upande wa kuume, shavu juu ya simenti, jicho moja linanitazama. Sikupiga kelele. Nilimwinua, nikampapasa nyonga kama nilivyofundishwa. Jioni yake akaanguka tena. Kesho yake mara mbili. Kine aliposikia alisema upande uliokufa una uzito, unamvuta, hutokea, mwekee mito. Nikamwekea mito. Akaisukuma kwa mkono wa kushoto, akaanguka.

Nilinunua daftari. Kila kuanguka niliandika tarehe na saa, kwa saa ishirini na nne kama tulivyozoea shuleni: 12.25, 15.40, 18.15. Wino mwekundu kwa kuanguka, wa bluu kwa mambo mengine. Mambo mengine yalikuwa haya: anapiga ukuta kwa kiganja cha kushoto, halafu anajifuta uso. Midomo inatetemeka. Anatazama saa mno. Ukuta ulikuwa na alama ya vidole, nami nilikuwa naifuta kila jioni kwa sabuni, maana ilikuwa inanisumbua. Nililinganisha saa hizo na dawa, na chakula, na joto. Nilichora jedwali. Sikupata kitu.

Mvua za Novemba zilipokuwa zinagonga mabati ya jirani, nilikuwa nimekonda kuliko mgonjwa. Papa alikula vijiko vitatu, akageuza uso. Mwajuma alikuja kila jioni baada ya kufunga meza yake ya vitenge sokoni, akamkuta amelala, akaondoka na midomo imekazwa. Ndipo nilipochukua shuka. Nililikunja vizuri, pana, lisimkate, nikalipitisha kifuani mwake chini ya kwapa na kulifunga nyuma ya kitanda. Nilimwambia, “Papa, ni kwa ajili yako.” Aliniangalia kwa muda mrefu. Sijawahi kutazamwa namna ile na mtu yeyote, na sitaki kuieleza.

Sikumfunga siku nzima. Nilimfunga zile saa ambazo daftari lilinionyesha kwamba ataanguka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi hadi leo: nilichagua saa zenyewe barabara.

Kwa kine tulikwenda Jumanne na Ijumaa. Chumba cha kungojea kina benchi mbili zinazotazamana na dirisha lisilofunguka. Ilikuwa Jumanne, kipindi cha kumi na saba. Papa alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu kando yangu, kofia yake nyeupe kichwani kwa sababu Mwajuma alinigombeza kumtoa nje kichwa wazi. Mimi nilikuwa nanakili kurasa za daftari kwenye karatasi safi ili kine azisome vizuri. Upande wangu wa pili aliketi mzee mmoja, mrefu, mwenye fimbo, aliyemsindikiza mke wake mwenye ugonjwa wa goti. Alikuwa ameshatuambia habari za goti lile, na za goti la shemeji yake, na kutuuliza tunakokaa. Sasa alikuwa anasoma mkononi mwangu bila haya yoyote.

“Mutoto yangu,” alisema, “hii ratiba ni ya musikiti gani?”

“Haiko ratiba, Muzee. Ni ya mugonjwa.”

“Ya mugonjwa namna gani? Hii si adhuhuri? Hii alasiri. Hii magharibi.” Aligonga karatasi kwa ukucha, mstari kwa mstari. “Ila adhuhuri yenu inachelewaka. Imamu wenu anakulaka kwanza?”

Mke wake alisema, “Wewe, acha kijana ya watu.”

“Namuuliza tu. Pengine ni huko Himbi wanafanya vile.”

Nilimwambia kwamba hizo ni saa ambazo Papa huanguka kitandani. Niliposema hivyo nilisikia maneno yangu yakitoka na yakiniacha.

Mzee aliacha kutania. “Anaangukaka upande gani?”

“Wa kuume. Kushoto kuko ukuta.”

“Na wakati anaikala, anaangalia wapi?”

“Ziwa.”

“Ziwa,” alisema. “Na mulima?”

“Iko nyuma ya mugongo yake.”

Mzee aliegemeza fimbo ukutani. “Basi haangukake, mutoto. Anageukaka.”

Papa alikuwa anatufundisha hilo utotoni, Mwajuma kwanza na mimi baadaye, kila tulipolala ugenini. Kibla ya Goma ni rahisi, alisema: tafuta ule mlima wa volkano, halafu piga volan, usukani wako, kidogo kuume. Nilikuwa nalijua hilo kabla ya kujua kusoma. Niliacha kuswali nikiwa na miaka kumi na minane, si kwa ubishi, nilianza tu kuahirisha, na Papa hakunilazimisha. Majengo adhana iliingia kwa dirisha mara tano bila mtu kuialika. Himbi tulikokuwa haikufika. Alibaki na saa ya ukutani, ile niliyotundika kwa ajili ya vidonge.

Niliinama nikamtazama. Sikujua niulize vipi. “Papa,” nilisema, “ulikuwa unataka kuswali?”

Alipiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto. Mara moja, kwa nguvu. Kisha akacheka. Hakuwa amecheka tangu Septemba, na kicheko kilikuwa kimepinda kama mdomo wake, na machozi yalishuka ndani yake, na mate, nami nilifuta vyote kwa mkono wa shati langu kwa sababu kitambaa kilikuwa mbali.

“Na ukuta?” nilimuuliza mzee. “Anapigaka ukuta, anajifuta uso.”

“Anatayamamu,” alisema. “Kama haumuletee maji, atafanya nini?”

Mke wake alisogea akaniambia niache kulia, kine anatuita.

Njiani sikumwambia Papa lolote. Nilikuwa naogopa kwamba nikifungua mdomo nitaanza kujitetea. Nilimpigia Mwajuma, nikamweleza kila kitu, pamoja na shuka. Hakuwa anajua habari ya shuka. Nilimsikia akimwita jirani aje kumwangalizia meza.

“Nakuja,” alisema. “Usiguse kitu.”

Alipofika alikuwa ameacha meza yake kwa jirani. Alipita mbele yangu akapiga magoti kwa Papa, akaweka kichwa mapajani mwake. Kisha akanigeukia. Nilitegemea kofi. “Ulimufunga Papa,” alisema polepole, kana kwamba anajifunza sentensi. “Na mimi nilikuwa nakuja kila siku, naona amelala, narudi. Sikuuliza.” Akajifunga kitenge upya kiunoni. “Kamata huko. Tuzungushe hii kitanda.”

Sasa sikiliza jinsi nilivyo. Hata wakati ule, nilisema, “Yaya, ikigeuka vile itafunga njia ya kabati.” Kabati lile nililitengeneza mwenyewe, milango inafunga bila sauti.

Papa alichukua mto kwa mkono wa kushoto akanitupia. Ulinikosa, ukapiga saa. Mwajuma alicheka mpaka akaketi chini.

Tulitoa kabati nje. Tukakivuta kitanda katikati ya chumba, na hapo nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilimsogeza Papa kwenye kiti chake mpaka mbele ya kitanda, nikasema, “Tuonyeshe.” Nilifungua dira kwenye simu. Aliisukuma simu. Aliinua kidole, akakipeleka kushoto, tukavuta. Kidogo tena. Hapana, tumepita. Tulivuta kitanda kile kama watu wanaoegesha lori mahali pabaya, yeye akiongoza kwa kidole kimoja, na kilipofika alishusha mkono. Kitanda kilisimama mshazari katika chumba, hakikulingana na ukuta wowote. Baadaye, kwa siri, nilipima kwa dira. Hakuwa amekosea.

Saa ilikuwa inakaribia kumi alasiri. Nilileta beseni na maji ya vuguvugu. Nilipoanza na miguu alinishika kifundo cha mkono, akakirudisha juu. Mikono kwanza. Kisha mdomo. Nilikuwa nimesahau mpangilio, na yeye, mkono wake mmoja juu ya wangu, alinipitisha mahali kwa mahali: pua, uso, ule mkono uliokufa hadi kwenye kiwiko, kichwa, miguu. Nilimwosha Papa kila siku kwa miezi miwili. Siku ile ndiyo ya kwanza aliyooga.

Aliketi kitandani, mgongo kwenye mito, uso kuelekea mlima ambao hakuuona kwa sababu ya ukuta. Aliinua mkono wa kushoto hadi sikioni. Mwajuma alikuwa amesimama nyuma yangu.

Na Papa, ambaye hakuweza kuomba maji wala kutaja jina langu, alisema, “Allahu akbar.” Maneno mawili, mazima. Kisha Fatiha, polepole, herufi nyingine zimevunjika, lakini aya zimefuatana na hakuna hata moja iliyopotea. Kine alituambia baadaye kwamba hutokea: maneno ambayo mtu ameyasema maisha yake yote hupita mlango mwingine. Siku ile hatukujua. Mwajuma alinishika bega kwa nguvu hadi kesho yake pakawa na alama.

Jioni alikula wali na samaki, sahani nzima, nikimlisha kwa mkono wangu. Shuka nililifua nikamwachia Mwajuma aende nalo.

Sijui kama nilisamehewa. Nilimwomba msamaha mara nyingi, mpaka akaanza kufumba macho nikianza, kama anayesikia tangazo la redio lilelile. Nadhani alichotaka ni ninyamaze nimletee maji kwa wakati. Nikanyamaza, nikaleta.

Kama mgonjwa wako hasemi, na wewe unaandika kila anachofanya, usiwaonyeshe madaktari peke yao. Waonyeshe wazee wenzake. Kaa naye kwenye benchi za watu na umwache mwenye maneno mengi asome. Na unapopunguza nyumba ya mtu, ukikata vyumba vinne kuwa viwili, usianze na kilicho kizuri. Mwulize ni kitu gani hawezi kuishi bila kukifanya, ndipo ukitafutie nafasi, hata kikivuruga vyote vingine. Kwa ajabu, nafasi hupatikana. Kabati letu liko kwa Mwajuma, na nguo za Papa zimo ndani ya masanduku mawili chini ya kitanda, na hazijawahi kulalamika.

Kiangazi kilikuja kikapita. Mwajuma hakutaja tena kumrudisha Majengo. Katika nyumba ile wanakaa wapangaji wenye watoto wanaoruka mawe bila kuanguka. Tumefika kipindi cha tisini na nne. Papa anatembea na fimbo ya miguu minne kutoka kitandani hadi mlango wa nje, anapumzika, anarudi. Ana maneno kama ishirini. Tangu siku ile ya kitanda hajaanguka hata mara moja. Mimi ninaswali naye magharibi, kwa sababu ndio wakati ninaokuwa nimerudi kazini, na nyingine bado naahirisha. Kitu kilichobadilika ni hiki: nikitaka kusogeza chochote chake, hata kikombe, ninamuuliza kwanza, kisha ninaketi na kungoja mpaka jibu litoke, na siku nyingine huchukua robo saa.